Kibati Kwenye Swichi

Mbuke alikuwa mwanamke pekee aliyekereza vyuma katika karakana ya reli mjini Shinyanga, na mpaka leo vijana wa machimbo ya Nyarugusu wanamwita Mama Reli, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Karakana yenyewe haipo tena. Palipokuwa na mitambo sasa wanalala mbuzi. Wanaozungumzia kufungwa kwake hutaja hasara, injini kuukuu na pamba iliyohamia kwenye malori. Hakuna anayetaja vibati.

Kila fundi wa karakana ile alikuwa na kibati chake cha shaba, kikubwa kama kizibo cha chupa ya chai, kimegongwa namba yake. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya mashine au kulala chini ya behewa, alizima umeme na kutundika kibati kwenye swichi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukiondoa. Wakubwa hawakuwapa mafundi sheria hiyo. Ilitokana na kifo cha Luka, fundi wa breki, aliyekuwa chini ya behewa lilipovutwa na mtu asiyejua kama yumo. Kesho yake king'ora kililia na hakuna aliyeingia kazini. Walikaa juu ya mataruma nje ya lango, wanaume zaidi ya mia na Mbuke, aliyekuwa bado mwanagenzi, mpaka meneja akatoka na kukubali walichotaka. Miaka kadhaa baadaye mhandisi mmoja mwenye haraka aliondoa kibati cha mtu aliyekwenda chooni. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mafundi waliweka spana chini, na hawakuzishika tena mpaka mhandisi aliposimama mbele yao na kuomba radhi.

Msimamo huo nao ulikufa karakana ilipofungwa, na haukuhesabiwa kwenye hasara.

Karakana ilipofungwa, Mbuke alirudi kwao Didia kulima. Mvua zilipomchosha alikwenda Nyarugusu, kwenye makarasha: mapipa makubwa ya chuma yanayozungushwa na mota, ndani yamejaa golori za chuma, yakisaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Pipa huziba. Likiziba, mtu huingia kwa mlango mdogo wa ubavuni na kugonga tope lililoganda.

Edson, mwenye karasha aliyempa Mbuke kazi ya matengenezo, alikuwa na mtu wa kulinda swichi. Huyo ni Mwigulu, mchimbaji wa zamani aliyevunjwa mguu na shimo lililoporomoka. Mtu akiwa ndani ya pipa, Mwigulu alikaa kwenye kigoda mbele ya swichi asiruhusu mkono wowote usogee. Lakini siku moja Mbuke alimkuta anakoroma, na ndani ya pipa mtu anagonga. Usiku ule Luka alimrudia kichwani. Akaapa kwamba hapa hatakufa mtu kifo kile. Asubuhi akachukua bushi kuukuu ya shaba, akaikata vibati.

"Mama Reli, hirizi hiyo inazuia na wachawi?" aliuliza Nasibu, mgongaji wa mapipa, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa anatafuna.

"Inazuia wajinga. Wachawi utapambana nao mwenyewe."

"Basi nikatie kikubwa. Huyu Adam peke yake ni wajinga watatu."

Adam, mwenzake wa pipa la pili, alimrushia kipande cha tope. Walicheka. Lakini walivichukua vibati, na ndani ya mwezi mmoja hakuna aliyeingia ndani ya pipa bila kutundika chake.

Edson alikuja akakigeuzageuza kimoja kiganjani.

"Kwa hiyo kikiwa hapa, hakuna anayewasha?"

"Hakuna, bosi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Safi sana."

Kesho yake kigoda cha Mwigulu hakikuwepo, na Mwigulu alikuwa nje ya lango.

"Bosi, kibati hakikai peke yake," Mbuke alimwambia Edson. "Kule nyuma yake tulisimama karakana nzima. Mrudishe yule mtu."

"Mama, umeniletea utaalamu, sasa unaukataa? Bati na mtu, wote kwa kazi moja?"

Wafanyakazi walinung'unika siku ile, wakanung'unika na ya pili. Spana hazikuwekwa chini.

"Mwangaluka, mayu," Mwigulu alimsalimu Mbuke kwa Kisukuma pale langoni. "Umenitafutia mapumziko."

"Mwigulu, sikukusudia."

"Najua. Hata jiwe lililonivunja mguu halikukusudia."

Akaanza kuokota vyuma chakavu. Chuma cha kawaida hakimlishi mtu, labda ujaze gunia. Shaba ndiyo yenye bei.

Kisha ikaja siku umeme ulikatika kabla ya mchana. Pipa la kwanza lilikuwa limeziba. Nasibu alizima swichi, akakipunga kibati hewani, "Mama Reli, shahidi!", akakitundika na kuingia. Mbuke akaenda dukani kwa Rushabh kununua beringi. Wengine walikwenda kula. Nasibu alimaliza kugonga, na kwa kuwa ndani mle mlikuwa na ubaridi wa tope, akajinyoosha akalala. Alilala kama mtu anayejua kwamba swichi yake haiguswi.

Mwigulu alipita na gunia lake. Uwanja ulikuwa kimya, mota zimekufa, hagongi mtu. Kwenye swichi kuna shaba inang'aa. Alidhani imesahauliwa, akaichukua. Hivyo ndivyo alivyowaambia polisi baadaye, na mimi naamini alisema kweli.

Umeme ukarudi. Mteja aliyeleta mawe tangu alfajiri alikuwa anapiga kelele. Edson alikwenda mwenyewe kwenye swichi, akatazama, hakuona kibati. Hakuita. Aite nini, wakati amefundishwa kwamba pasipo kibati hapana mtu? Akawasha.

Pipa lenye golori tu hulia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwigulu, aliyekuwa amefika njia panda, alilisikia likianza hivyo, kisha likalia kwa uzito, kama limelishwa. Alikuwa amelisikiliza pipa lile miaka kwa miaka. Akatupa gunia akakimbia na mguu wake mbovu, anapiga ukelele, "Zimeni! Yumo! Yumo!" Mbuke alikuwa anatoka dukani. Alimwona akipita, akakiona alichokishika mkononi, naye akakimbia.

Edson alizima. Adam, aliyesikia ukelele akaacha sahani yake, akafungua mlango mdogo, akachungulia. Alivua shati lake, akaufunika mlango.

Vijana walishaanza kuokota mawe polisi walipomchukua Mwigulu. Msibani Edson alileta mchele na mafuta, akasimama akasema, "Mwizi wa shaba ametuulia ndugu yetu." Watu wakatikisa vichwa kukubali.

"Na kigoda," Mbuke aliuliza kwa sauti, "kigoda nacho nani alikiiba?"

Mwanamke mmoja alimvuta kitenge. "Mama, kaa. Huu ni msiba."

Walipomaliza kuzika, Edson alimwita uwanjani. "Safari hii kata vibati vya debe. Hakuna atakayeiba."

Mbuke alifungua fundo la kitenge chake. Mlikuwa na kibati chake mwenyewe cha karakana, namba zimelika, nusu hazisomeki. Alizima swichi kuu, akakitundika, akaketi chini mbele yake.

"Sitoki mpaka kigoda kirudi, na mtu akiwa juu yake."

Kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja. Walisimama na makoleo yao. Wote walimpenda Nasibu. Wote walijua kigoda kilikwenda wapi.

Edson hakupandisha sauti. "Anayetaka kazi afanye kazi. Asiyetaka, lango liko wazi. Nje wamekaa wanaoitaka."

Walikuwepo kweli, wamechuchumaa kando ya ukuta tangu asubuhi.

Adam alitoka kwenye kundi akamwendea. Mbuke alisogea pembeni, akampigapigia udongo mahali pa kukaa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Kaa."

Adam hakukaa. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha yule mama, akakitungua kibati, akainama akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu mzima anavyokabidhiwa kitu.

"Nisamehe, mama. Nina watoto."

Akaenda kwenye mapipa, moja baada ya jingine, akatia kichwa kwenye kila mlango na kuita, "Kuna mtu?"

Hakuna aliyejibu. Akarudi, akamruka Mbuke miguu, akawasha.