Upande wa Bibi Harusi

Jumamosi asubuhi, mtaani kwetu Jericho, moshi wa kuni ndio uliotangulia. Ulitokea nyuma ya ukumbi wa mtaa, ukapita juu ya kamba za nguo, ukaingia madirishani kabla hata hatujamaliza chai. Baada ya moshi ilikuja harufu ya vitunguu vikikaangwa katika sufuria kubwa ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake, kisha bizari, kisha nyama. Ilipofika nyama, hakukuwa na mtoto aliyekuwa bado anacheza. Tulisimama tu, pua juu, kama mbuzi walionusa mvua. Nikiikumbuka miaka ile ya mwisho ya sabini, nilipokuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, harufu hiyo ndiyo hunijia kwanza, kabla ya sura za watu na kabla ya majina yao. Harusi imekuja mtaani, na harusi ina pilau.

Wanangu huniuliza tulijifurahishaje Nairobi na mifuko mitupu. Mimi huwacheka. Baba alikuwa dereva wa lori kule viwandani, Baba Dogo, Mama alishona sare za shule kwa cherehani iliyosukumwa karibu na kitanda, nasi watoto tulijaa vyumba viwili kama maharagwe kwenye debe. Lakini sikumbuki kuliona jiji likiwa bahili. Uwanjani, mechi ikikaribia kwisha, milango ilifunguliwa na aliyetaka aliingia bure, kwa hiyo tuliona mabao mengi ya jioni bila kujua mechi huanzaje. Mabuyu yalitupaka midomo rangi nyekundu kutwa nzima. Muuza miwa alitugawia vipande vya mafundo alivyoona haya kuviuza, nasi tulivitafuna hadi taya zikauma. Mchana ulikuwa mrefu, jua lilikaa juu ya mapaa ya vigae kana kwamba halina pengine pa kwenda, na mtu angeweza kutembea kutoka kwetu hadi Eastleigh akitazama tu madirisha ya maduka, akarudi nyumbani akiwa ameshiba macho. Tumbo ndilo lililobaki kudai haki yake, na haki yake tuliipata Jumamosi, kwenye harusi za watu.

Mwalimu wangu katika elimu hiyo alikuwa Wairimu, jirani yetu, msichana mwembamba mwenye ulimi mwepesi. Kanuni zake zilikuwa chache. Vaa nguo safi, maana mtoto mchafu hufukuzwa lakini mtoto safi huulizwa. Usikimbilie chakula. Ukiulizwa na watu wa bwana harusi, wewe ni wa bibi harusi. Ukiulizwa na watu wa bibi harusi, wewe ni wa bwana harusi. Familia mbili zinazokutana leo, alisema, haziwezi kujuana hadi watoto, na hakuna atakayethubutu kumfukuza mtoto wa wakwe. Hila hiyo haikuwahi kutuangusha. Tulikula harusi za Wakikuyu, za Waluhya, za Wajaluo, tukapewa soda na nyanya zetu wa saa moja, tukaimba nyimbo ambazo hatukuyajua maneno yake.

Mama hakujua lolote. Alikuwa mtu wa Machakos mwenye shingo iliyonyooka, na alikuwa na msemo wake mwenyewe, kwamba chakula usichoitiwa kina mfupa. Hata jirani akitukaribisha mezani, tulifunzwa kusema tumeshiba huku matumbo yakinguruma. Gauni langu la Jumapili, la rangi ya maziwa, alilihifadhi ndani ya sanduku chini ya kitanda, na halikuguswa ila kwa kwenda kanisani. Jumamosi hiyo ninayoisimulia alitoka kupeleka sare kwa mteja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli, nikalitoa gauni, nikalivaa, nikamfuata Wairimu.

Ukumbini mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu ukiwa na vumbi ndani yake, na karatasi za rangi zilizoning'inizwa darini zilizunguka polepole kama zinazosinzia. Santuri ilikuwa ikilia. Aliyetushika mlangoni alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye kofia ya kijani. Alituuliza sisi ni watoto wa nani, na Wairimu, bila kupepesa macho, akasema sisi ni wa bibi harusi. Nilingoja lile tabasamu la kawaida. Badala yake macho ya shangazi yalilowa. Alitushika mikono, mmoja huku na mmoja huku, akatupitisha katikati ya watu wote, na hapo ndipo nilipoona. Upande wa kulia watu walikuwa wamebanana, wengine wamesimama ukutani. Upande wa kushoto mabenchi yalikuwa matupu, safu baada ya safu, yametandikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi. Mbele kabisa alikaa msichana mmoja peke yake, rafiki wa bibi harusi kutoka kiwanda walichofanyia kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imeishia hapo, mbele ya ukumbi mzima.

Shangazi hakutukalisha. Alitupeleka moja kwa moja hadi kwenye meza ya maharusi, akamwambia bibi harusi, kwa furaha iliyomtetemesha sauti, kwamba watu wake wameanza kufika. Bibi harusi aliitwa Mwikali. Alikuwa na uso wa mviringo uliopakwa poda, na poda hiyo ilikuwa na njia mbili nyembamba chini ya macho. Alitutazama, na mara moja nikajua kwamba amejua. Nilitamani sakafu ipasuke. Akainama, shela ikanigusa shavu, akaniuliza kwa Kikamba naitwa nani. Sikuwa nimetarajia kuisikia lugha ya nyumbani kwetu ikitoka ndani ya mavazi yale meupe. Nikamjibu kwa Kikamba hicho hicho kwamba naitwa Nduku. Akamgeukia shangazi.

"Ni wangu," akasema. "Wapewe chakula."

Tukawekwa benchi la mbele, tukaletewa sahani zilizojaa kuliko zote tulizowahi kupewa. Wairimu, ambaye hakujua Kikamba hata neno moja, alijaza mdomo pilau ili asije akasemeshwa, na ikawa mara ya pekee maishani mwake kunyamaza. Mimi nilikula nikitega masikio. Nyuma yetu, ng'ambo ya kijia, wanawake wawili walikuwa wakinong'onezana kwamba baba yake Mwikali, kule Kitui, ameapa hatakanyaga harusi ya binti anayeolewa na Mkikuyu, na amemkataza mkewe pia, na ukoo mzima ukamwogopa. Walisema msichana huyo hataheshimiwa; mke ambaye hakusindikizwa na mtu ni kama aliyeokotwa njiani. Nilimtazama Mwikali. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa, akaona ni mpishi au ni mtoto, akakiinamisha tena. Nilisahau hofu yangu. Nilitaka kwa moyo wangu wote mtu aje, mtu yeyote, aje akae kwenye vitambaa vile vyeupe.

Wakati wa keki ukafika. Mwenye kuongoza sherehe, mwanamume mchangamfu aliyekodiwa na ambaye hakujua mambo ya ndani, aliwaita wazazi wa bwana harusi wapokee keki yao. Wakaja wakicheza, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kisha akawaita wazazi wa bibi harusi. Vigelegele vikakatika. Akaita tena, akidhani hawakusikia. Mtu aliizima santuri. Mwikali alishika kisahani cha keki kwa mikono miwili, akautazama mlango.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama.

Alikuwa amerudi nyumbani akakuta sanduku liko wazi, akanusa hewa, na aliye na macho haambiwi tazama. Alikuwa na leso kiunoni, uzi wa cherehani begani, na ndara moja mkononi, na ndara hiyo nilijua ni ya kunichapa. Yule mwongozaji akanyoosha mkono kuelekea mlangoni akatangaza kwa shangwe kwamba mama mwenyewe ndiye huyo amefika, na watu, kwa jinsi walivyokuwa wameshikwa na aibu, walipiga makofi kabla ya kufikiri. Mama alisimama. Aliniona mimi na Wairimu mbele ya mabenchi matupu. Aliyatazama mabenchi. Kisha akamtazama yule msichana mwenye kisahani, na mwanamke ambaye hakuwahi kula tonge lisilo lake alielewa mambo yote bila kuambiwa. Ndara ikashuka sakafuni, akaivaa. Akaikunjua leso, akaifunga upya vizuri mabegani, akatembea njia yote ile polepole kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu.

"Mwaitu," Mwikali alisema, yaani mama, akamnyooshea kisahani.

Mama alipokea keki. Akamfuta machozi kwa ncha ya leso, akawageukia wazazi wa bwana harusi, akawaambia kwa Kiswahili chake cha Machakos kwamba amewaletea mtoto, wamshike kama yai, na siku wakichoka naye wasimtupe, wajue nyumba iko Jericho. Baba mkwe akavua kofia. Shangazi wa kofia ya kijani alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na jamii yote ya upande wa kulia ikafuata. Wanawake wa Kikamba wa mtaani, waliokuwa nje wakiosha sufuria na kuchungulia, waliingia mmoja mmoja na aproni zao, wakaja kuketi nasi. Ndugu ni kufaana si kufanana; msemo huo nilikuwa nimeuandika mara nyingi shuleni kama zoezi la mwandiko, na siku hiyo ndipo nilipouelewa.

Sikuchapwa. Njiani nilitembea nyuma ya Mama nikisikiliza gauni langu likichakacha. Keki aliitia ndani ya lile sanduku. Ilikuwa keki nyeusi ya matunda, ya zile zinazokaa miezi bila kuharibika, na usiku harufu yake ya zabibu na mdalasini ilipanda kutoka chini ya kitanda ikatujia sisi watoto tuliolala sakafuni, hata ndoto zetu zikawa tamu. Baba alidokeza kwamba kipande kidogo hakingemdhuru mtu. Mama akasema keki ina mwenyewe. Alikwenda kwa Mwikali akauliza jina la kijiji na la soko, kisha akamkabidhi keki jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Kitui ampelekee mama wa bibi harusi mkononi. Nililia siku hiyo, nasema wazi. Nililia kwa ajili ya tumbo langu.

Msimu wa mbaazi mbichi mwanamke mzee alibisha mlango wetu akiwa na kiondo cha mbaazi mgongoni na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikuwa mama yake Mwikali. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akanywa maji, akaeleza kwamba keki aliikata vipande vidogo sana akawagawia wanawake wote wa kanisani kwake, na kwamba hata mumewe alikula, akiwa ameutazama ukuta, na kesho yake akamwambia aende akamwone mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kisha akaweka bilauri chini.

"Ni wewe uliyesimama mahali pangu?"

"Nilikushikia tu," Mama akamjibu.

Walikaa hivyo wameshikana mikono hadi chai ikapoa, na mbaazi alizoleta tulizila wiki nzima.

Mama hayupo tena. Mwikali alikuja kumzika akakaa kwenye mkeka pamoja nasi mabinti, na hakuna aliyeuliza alikuwa wa nani. Mimi siku hizi naishi Njiru, ambako kila Jumamosi mahema meupe huinuka kati ya majumba mapya, na kwenye lango husimama kijana wa suti mwenye majina ya walioalikwa. Sahani zimepangwa kulingana na wageni. Siwalaumu, maisha yamepanda, na mtoto wa jirani leo hula chipsi mjini akazibakisha. Lakini moshi wa kuni siusikii tena, na watoto wa mtaa hutazama kupitia ua bila hata kujaribu. Nami nikialikwa huenda na kadi yangu mkononi. Nikishaingia, husimama kwanza nikaangalia ni upande gani wenye viti vitupu, nikaenda kukaa huko.