Sifuri Iliyoandikwa Mara Moja

Walimsimamisha Mama Anastasie juani, mbele ya watu wote wa kambi ya wakimbizi, kando ya mabomba yasiyotoa maji, wakamtwika hadharani kosa ambalo hakulitenda peke yake. Bwana Emery, msimamizi wa mradi wa maji, alisoma tamko lake kwa Kifaransa, na kijana mmoja wa ofisi akaligeuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Tamko lilisema kwamba maji hayatoshi kwa sababu shefu wa kambi mwenyewe, yaani Anastasie, kiongozi waliyemchagua, aliidhinisha hesabu pungufu ya watu wake, na kwamba tangu siku hiyo yeye si shefu tena. Kuhusu aliyeiandika hesabu hiyo, tamko halikusema neno.

Katika umati mwanamke mmoja alisema, bila kupaza sauti: "Kumbe ni weye ulikunywa maji yetu."

Anastasie alimsikia. Juma lililotangulia alikuwa amemzika Jeanine, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeuawa na kipindupindu cha maji ya kijito. Alitazama chini mpaka watu wakatawanyika.

Kabla ya vita kumfukuza, Anastasie alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kule Kasenyi, kama mama yake, Mwalur wa pwani ya ziwa aliyesali rozari kila asubuhi kabla ya mitumbwi kufika. Shule hakuijua. Hata hivyo hakuna mnunuzi aliyewahi kumpunja hata samaki mmoja, kwa sababu alirithi hesabu ya mama yake. Kila samaki alikuwa punje ya mahindi. Punje zikitimia kumi, alizitoa akaweka haragwe moja. Maharagwe kumi yaliondoka yakaacha kizibo kimoja cha chupa, na vizibo kumi vikaacha jiwe jeusi la ufukweni. Mfukoni mwake jiwe lilikuwa elfu, liwe limekaa juu au chini, kushoto au kulia, limechanganyika na mahindi au limejitenga. Thamani ilikuwa mwilini mwa kitu chenyewe.

Alipopanda mji wa Bunia kwa miguu kupitia Bogoro, pamoja na Jeanine na maelfu ya wengine, hakubeba mali ila nguo na mfuko ule. Watu wa kambi walimchagua awe shefu kwa sababu alikuwa mkali kwa wezi na mpole kwa wajane. Basi shirika la Bwana Emery lilipotaka kujua idadi ya watu, ili lipange matangi na mabomba, Anastasie alitembea turubai kwa turubai, akimwekea kila mtu punje yake, mtoto wa mgongoni sawasawa na mzee. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Hakuna hata leo anayeweza kusema kwamba aliruka nyumba.

Siku ya kupokea hesabu alikuja ofisa mmoja, Josias, kijana aliyemaliza chuo, mwenye haraka na viatu vipya. Wingu lilikuwa limetanda juu ya vilima, na alikuwa na kambi nyingine ya kupitia. Anastasie alimwaga mfuko juu ya mkeka: mawe kumi na mawili, vizibo hakuna, maharagwe hakuna, punje nane. Akamweleza kila kitu thamani yake, akataja jumla kwa Kiswahili cha Bunia: elfu kumi na mbili na munane. Josias, aliyehesabu kwa Kifaransa tangu utotoni na kupotea haraka katika namba za Kiswahili, aliyatazama mawe, akaitikia kwa kichwa, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa kambi: 1208. Kisha akamuuliza shefu kama ndivyo.

Jeanine alikuwa amesimama nyuma ya dada yake. Akamvuta kitenge.

"Yaya, dada yangu, hii namba iko mufupi," alisema. "Elfu kumi na mbili haiandikwaka hivi."

Anastasie aliutazama ubao kwa makini. Tarakimu chache alizijua, kama anavyozijua kila mtu mwenye simu. Akaona kumi na mbili, yaani mawe yake. Akaona nane, yaani punje zake. Katikati kulikuwa na sifuri, na sifuri alijua maana yake ni kwamba hakuna kitu.

"Angalia muzuri, Jeanine. Kumi na mbili iko pale. Munane iko pale. Katikati hakuna, na ameandika hakuna. Unataka aandike hakuna mara ngapi?"

Watu waliokaribia walicheka, na Josias naye akacheka ijapokuwa hakuelewa. Jeanine alisema basi, yeye alifika tu mwaka wa nne wa shule ya musingi, labda amesahau. Anastasie akamwambia akaanue nguo kabla ya mvua. Kisha Josias akainakili namba ile kwenye fomu, na Anastasie akabonyeza kidole gumba chake chini yake, pale alipoonyeshwa.

Kwa hiyo matangi yalipangwa kwa watu elfu moja, mia mbili na nane. Ofisini mjini, mahali ambapo kambi yote huonekana kutoka dirishani, turubai baada ya turubai hata mwisho wa kilima, hakuna aliyenyanyua macho kutoka kwenye namba ile akajiuliza inawezekanaje. Mabomba yalifunguliwa kwa nyimbo na picha. Asubuhi maji yalikuwa yanakwisha kabla ya misa ya kwanza. Wenye nguvu walipanga bidoni, madumu yao ya maji, kwenye foleni usiku. Wengine walishuka kijitoni, chini ya vyoo. Jeanine alishuka pamoja nao, kwa sababu hakutaka isemwe kwamba ndugu wa shefu anapita mbele ya foleni. Ni Anastasie aliyemfundisha aibu hiyo njema.

Baada ya kuvuliwa ushefu alikaa ndani siku nyingi. Aliyemtoa ni Kahindo, mwalimu aliyehamia kutoka Butembo, ambaye alifundisha watu wazima katika chumba cha parokia mchana, vikao vya kwaya vilipokwisha. Kahindo hakumwambia maneno ya faraja. Alimwambia aje na namba moja anayotaka kujua kuiandika, kama alivyowaambia wanafunzi wote. Mmoja alileta mwaka wa kuzaliwa kwa mwanawe, mwingine namba ya simu ya mume aliyeko Uganda. Zamu ya Anastasie ilipofika, alisema elfu kumi na mbili na munane, namba ambayo wote chumbani waliijua.

Kahindo alipanga viti vitano mbele. Kile cha kulia kabisa, alisema, ni cha mmoja-mmoja; kinachofuata kuelekea kushoto ni cha makumi, kisha mamia, kisha maelfu, na cha mwisho ni cha makumi ya maelfu. Alimpa Anastasie karatasi yenye moja, akamketisha kwenye kiti cha mwisho kushoto. Vanessa, mshonaji, alipewa mbili, akaketi kwenye maelfu. Mzee Grégoire, fundi wa baiskeli, alipewa nane, akaketi kulia kabisa. Viti viwili vya katikati vilibaki vitupu, na juu ya kila kimoja Kahindo aliweka sifuri.

"Sasa," alisema Kahindo, "kiti kitupu kina faida gani? Tukitoe kimoja."

Akakitoa, akawaambia wasogeleane. Vanessa akahamia mamia. Anastasie akanyanyuka, akahamia maelfu, mahali Vanessa alipokuwa.

"Miye sijatikisika," alisema mzee Grégoire. "Munane yangu iko munane tu. Ni nyiye wakubwa munaanguka."

Chumba kizima kilicheka. Anastasie aliketi na karatasi yake ya moja magotini, ile ile, wala haikubadilika hata wino wake. Lakini pale alipokuwa amekaa dakika moja iliyopita alikuwa watu elfu kumi. Sasa alikuwa watu elfu moja. Jiwe ni jiwe popote ulitupapo. Tarakimu si hivyo; tarakimu hupewa thamani na kiti inachokalia, na kiti hulindwa na sifuri. Katika kiti kimoja kilichoondolewa, watu elfu kumi na mia nane walikuwa wametolewa nje, na mmoja wao alikuwa amemvuta kitenge akimwonya.

"Aliniambia," alisema.

Wamwonao leo wanamwona akiandika kwa mkaa ukutani, akivunja namba kubwa vyumba vyumba: mamilioni, maelfu, mamia. Kwake si furaha. Anaandika kama mtu anayejifunza njia baada ya mgeni kupotea.

Mwezi uliopita Bwana Emery alirudi. Hesabu mpya ilihitajika, na watu walikuwa wamekataa kuhesabiwa na mwingine yeyote ila Anastasie, kwa kuwa sasa walijua kwamba hakuruka mtu. Kwa hiyo alikuja mwenyewe mpaka kwenye turubai la Anastasie, akaketi juu ya bidoni iliyopinduliwa, akaeleza kwa upole kwamba shirika liko tayari kumrudishia ushefu. Kilichotakiwa ni saini tu, chini ya karatasi isemayo kwamba kosa la kwanza lilitokana na taarifa ya wakimbizi. Mfadhili alihitaji maelezo, alisema.

Anastasie aliomba asomewe karatasi mara ya pili. Kisha akairudisha.

"Kosa langu nalijua, baba. Nililala nalo, naamuka nalo. Lenu muliliandika wapi?"

Bwana Emery alisema mambo ya ofisi ni marefu. Akaondoka na karatasi isiyo na saini.

Basi na ajibu. Bwana Emery, na nyinyi mlio juu yake: mwanamke asiyepewa shule alidanganyika na sifuri moja, na amelipa kwa ndugu yake na kwa jina lake. Nyinyi mliosomeshwa mliandika namba ile, mkaipitisha meza kwa meza, mkajenga juu yake, na hamjalipa chochote. Rudini kambini. Simameni mahali pale pale mlipomsimamisha, mchana, watu wakiwapo, mkaseme kwa Kiswahili kwamba aliyekosea kuandika ni mtu wenu na walioshindwa kukagua ni nyinyi. Lifuteni jina lake katika ripoti yenu. Na kabla ya kumtaka mtu yeyote hapa Bunia abonyeze kidole chini ya namba, msomeeni kwa lugha yake, tarakimu kwa tarakimu na nafasi kwa nafasi, mpaka aseme ameelewa. Na matangi yaliyopungua, yaleteni.