Kumwagilia Chuma Maji

Mama alikuwa na kanda moja aliyoithamini, ya kwaya ya akina mama wa kanisa letu kule Matinyani, iliyorekodiwa kabla sijaanza shule. Aliimba sauti ya pili. Jirani yetu, mwenzake wa kwaya, hakuacha kumtania: "Wewe ulikuwa unafungua mdomo tu, kama kifaranga."

Mama hakuwa na ushahidi. Redio yetu kubwa ilinguruma, na mngurumo ulikaa palepale penye sauti ya pili. Masikio yake yalikuwa yakidhoofika. Niliamua asikie kabla hayajaziba.

Kwanza nilichunguza. Nilichomoa friji, kisha chaja za simu. Hakuna tofauti. Lakini kila mara kinu cha kusaga posho cha hapo njiani kilipowashwa, spika zilizidi kunguruma na kukwaruza. Uchafu ulikuja na umeme wenyewe.

Mjini Kitui nilinunua waya wa umeme wenye kichujio, kile kidude kinene karibu na plagi. Nikachomeka. Redio ikanguruma vilevile.

"Umeuziwa kamba," jirani akasema.

Sikukubali. Kichujio cha aina ile huutoa uchafu na kuusukuma ardhini, kwa hiyo nikaufuata waya wa ardhi hadi nyuma ya nyumba, ulikofungwa kwenye chuma kilichopigiliwa mchangani. Nilizima swichi kuu, nikakitikisa. Kilicheza kama jino bovu. Mvua ilikuwa imetukimbia, na udongo ulikuwa mkavu kama unga. Uchafu ungeenda wapi?

Nilikikaza chuma, nikachukua ndoo.

"Maji ya kuletwa na punda hayo!" Mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Unapanda nini hapo, misumari?"

"Napanda sauti yako, Mama."

Alinipokonya ndoo, akanipa beseni la maji aliyooshea vyombo. "Chuma hakichagui."

Udongo ulipokolea maji, nikarudisha umeme na kuweka kanda. Kinu cha posho kilikuwa kinasaga, lakini spika zilitulia. Nikarudisha waya wa zamani ili nihakikishe; mngurumo na mikwaruzo vikarudi. Nikaweka wenye kichujio, vikaondoka. Kumbe kichujio na udongo wenye maji vilihitajiana.

Nikamwita jirani. Mama akasogeza kiti mpaka goti lake likagusa spika. Wimbo ulianza kwa sauti ya kwanza, kisha, kabla ya waimbaji wengine wa sauti ya pili kuingia, ikasikika sauti moja nene, imara, peke yake.

Mama akanyoosha kidole. "Huyo nani?"

Jirani akaangua kicheko. "Ni wewe. Kumbe ulikuwa unaimba! Tena ulitutangulia, ukatuharibia wimbo."

"Nyinyi ndio mliochelewa," Mama akasema, akaniamuru nirudishe mwanzo.

Tangu siku hiyo, maji ya vyombo hayamwagwi ovyo kwetu. Mama huyapeleka mwenyewe nyuma ya nyumba.