Mashine Mbili na Friji ya Nesi

Kutoka Tabora hadi Mbeya nilitumia siku mbili, kwa sababu basi liliharibika njiani tukalala humo humo. Mbeya nilikaa mwaka mmoja, Chimala mitatu kwenye kinu cha mpunga. Huko nikasikia kijiji kimoja cha milimani, wilayani Kilolo, kinatafuta mtu wa kuendesha umeme wake wa maji. Nikapanda basi hadi Iringa, kisha lori la mbolea, juu ya magunia, bila koti. Nilimaliza kidato cha nne tu, lakini umeme nilijifunza kwa mikono, na nilidhani pale ndipo nitakapotulia.

Mtoni kulikuwa na mashine mbili. Laini moja ilikwenda kwenye vinu vya mahindi na nyumba zilizovizunguka, nyingine zahanati na shule. Mpango niliouandika ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mpaka leo napandwa na hasira nikiueleza. Mashine moja ikisimama, laini ya vinu ikatike yenyewe papo hapo, ili mashine inayobaki isilemewe. Nikafunga kifaa cha kuikata. Zahanati isizimike kamwe, maana kwenye friji ya nesi kulikuwa na chanjo za watoto wa vijiji vinne.

"Kwa hiyo wasagaji ndio wa kutolewa kafara?" mwenyekiti wa kamati aliuliza mkutanoni. Watu wakacheka.

"Ni mpaka mashine ya pili irudi, mzee."

"Haya, karatasi yako imepita."

Miezi michache baadaye ukatokea msiba mkubwa, tena upande wa vinu. Kule nyumba yenye matanga haiguswi. Hata mwenye ugomvi nayo hunyamaza mpaka watu watawanyike. Wageni walitoka mpaka Mbeya, spika za kwaya zikafungwa kwenye miti, na vinu vikasaga unga wa waombolezaji kutwa nzima. Mwenyekiti akashuka mtoni.

"Kamwene, fundi," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mzee."

"Hicho kidude chako kizime mpaka tuanue matanga."

"Mzee, mashine moja ikifa, nyingine haitabeba mzigo wote. Zitakufa zote."

"Si zote zinanguruma hapa? Au wewe husikii? Unataka kwaya ikatike katikati ya wimbo, wafiwa watuelewe vipi?"

"Na zahanati?"

"Zahanati haina msiba."

Nikakizima. Ningeweza kukataa, sikukataa. Nilikuwa mgeni, na nilitaka kubaki.

Siku ya tatu, saa saba mchana, gogo lilipita kwenye chujio likapinda mapanga ya mashine ya kwanza. Ya pili ikabeba kila kitu kwa muda mfupi, ikaunguza kifaa kinachotuliza mwendo wake, ikanyamaza. Kwaya nayo ikakatika, katikati ya wimbo.

Spea zilitoka Dar es Salaam, siku sita. Nesi alipanga chanjo kwenye boksi lenye barafu, akasubiri gari barabarani mpaka barafu ikawa maji. Siku ya kliniki kina mama walikuja na watoto mgongoni, akawarudisha mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mapacha na alitembea tangu alfajiri. Alinitazama mimi, si mwenyekiti.

Mkutano uliofuata ulisema mpango wangu umeshindwa. Nikawaambia haukushindwa, ulizimwa. Mjumbe mmoja akasema tatizo ni mashine ya pili kudekezwa kwa mzigo mdogo kila siku, ndiyo maana ilipopewa kazi ikachoka. Wakapitisha kwamba kifaa cha kukata kiondolewe kabisa, na kinu cha tatu kiunganishwe.

"Fundi, utaunganisha lini?" mwenyekiti akaniuliza.

"Siunganishi."

"Tutapata mwingine."

Wakampata, wiki ile ile. Nilimkabidhi funguo, nikamwonyesha kifaa changu kimelala kwenye kona, akauliza kama anaweza kuchukua nyaya zake.

Barabarani nilimkuta nesi na boksi lake, anasubiri lori. Umeme wa mtoni hakuuamini tena, sasa alikuwa anafuata chanjo mjini Kilolo kila siku ya kliniki, anarudi na zile tu zitakazoisha siku hiyo. Tulipanda pamoja.

"Friji umeiachaje?" nikamuuliza.

"Natunzia vitunguu," akasema. "Na wewe kaka, huko uendako, wakikwambia uzime, utafanyaje?"

Nilijibu kwamba nitakataa. Akaniangalia, akasogeza boksi ili nipate pa kuweka miguu. Alishuka Kilolo, mimi nikaendelea hadi Iringa, na sijapanda tena milima ile.