Majivu Niliyoagiza, na Mkono Uliolaumiwa

Kosa ni langu, na ninalikiri kabla ya kulieleza. Sikudanganywa na mtu. Nilikuwa na macho, nilikuwa na kitabu, nilikuwa na muda wa kutosha. Niliharibu hata hivyo!

Nikupe kwanza hali ilivyokuwa, usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kasongo. Nilifundisha Kilatini katika shule ya misheni, na katika mtaa wetu mtu akiwa na barua asiyoielewa au mche unaonyauka, huambiwa aende kwa Mwalimu. Niliizoea heshima hiyo mpaka nikaidhania kuwa ni elimu.

Jirani yangu, nitakayemwita Mama Feza, alikimbilia huku kutoka upande wa Kabambare wakati wa vurugu. Alikuja na mbegu za nyanya chungu zilizofungwa katika kipande cha kitenge. Zilikuwa za marehemu mama yake: tunda dogo, jeupe, lenye mistari ya kijani, ambalo hajaliona tena katika soko lolote. Shamba lao huko limekuwa pori. Aliogopa mbegu zitazeeka ndani ya kitambaa, akazipanda zote. Zilizoota ni kumi na moja.

Hakuwa na ua, na mbuzi wa mtaa hawasazi jani. Kwa hiyo aliikuza miche ndani ya nyumba, katika chumba chenye kipande cha bati la plastiki kinachopitisha mwanga, ndani ya bidoni, yaani madumu ya plastiki, zilizokatwa. Mbolea ya dukani hakuitaka, kwa sababu mama yake hakuitumia. Alichanganya udongo wa msituni, samadi ya mbuzi, na majivu ya jikoni ya kufukuzia mchwa, kama kila mtu hapa afanyavyo bustanini.

Aliyeitunza miche ni mke wa mwanawe. Nitamwita Zawadi; wazazi wake walibaki Kabambare. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu.

Majani yalipoanza kugeuka manjano, niliitwa.

Sikuingia hata chumbani! Nilisimama mlangoni, nikanyoosha fimbo yangu kuelekea bidoni ya kwanza, nikasema, "Ni njaa hiyo. Jani likiwa manjano, mche unaomba chakula."

Zawadi alikuwa amechuchumaa kando ya miche. "Lakini Mwalimu, majani ya chini iko muzuri. Ni ile changa, ya juu, njo inageuka. Na mishipa yake inabakia kijani."

Ewe msomaji, alikuwa ameniambia kila kitu! Kitabu changu cha kilimo, cha Kifaransa, kinaeleza jambo hilo bila utata. Njaa ya samadi huanzia chini, kwenye majani ya zamani. Yakianza kugeuka yale machanga ya juu, na mishipa ikabaki kijani, basi chakula kimo udongoni ila kimefungwa, mara nyingi kwa chokaa au majivu kuzidi. Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma, hata nimeupigia mstari.

Nami nikamjibu, "Binti, wewe kilimo ulisomea wapi? Kwenye sufuria ya majani ya sombe?"

Mama Feza alicheka mpaka akashika ubavu. Zawadi naye akacheka kidogo, kama achekavyo mtu asiye na pa kujificha.

Nikaagiza majivu zaidi, eti ndiyo chakula. Tena si ya jikoni! Niliagiza yale ya mashada matupu ya michikichi, makali, ambayo wanawake huyatumia kupikia sabuni. Konzi mbili kila bidoni, kila baada ya siku tatu. Bustanini mvua ingeyaosha. Ndani ya nyumba hakuna mvua, na bidoni zile hazikutobolewa chini. Sikuinua hata moja kutazama.

Zawadi alitii. Alichora mistari ya makaa ukutani asikosee siku.

Baada ya wiki tatu Mama Feza alinijia. "Mwalimu, dawa yako inakatala. Majani inakuwa nyeupe sasa, na kando inaungua."

Hapo ndipo kosa la akili lilipogeuka kuwa kosa la moyo. Niliona aibu kusema sijui. Nikauliza, kwa sauti ya daktari, "Nani anayemwagilia?"

"Ni Zawadi."

Nikasema, "Ahaa."

Neno hilo tu! Sikuongeza kitu. Lakini nilijua, kama kila mtu hapa ajuavyo, wanayosema wazee kuhusu mwanamke mwenye mimba na mboga changa: kwamba mkono wake ni wa moto, huiunguza. Siyaamini maneno hayo. Nilimwacha Mama Feza ayafikie mwenyewe, naye akayafikia.

Siku iliyofuata dhamiri ilinisumbua, nikaenda. Mama Feza alikuwa sokoni. Safari hii niliingia, nikainama. Juu ya udongo kulikuwa na gamba jeupe. Nililikwangua kwa ukucha, nikaonja, ulimi ukawasha kama nimelamba sabuni. Nikalitazama jani changa. Mishipa kijani, nyama yake imepauka. Ukurasa wangu wenyewe mbele ya macho yangu!

"Mwalimu," Zawadi aliniuliza, "umeona nini?"

"Bado ninachunguza," nilisema.

Miche saba ilikuwa bado hai. Ilitosha kuihamishia kwenye udongo mpya, kutoboa bidoni, kuimwagilia maji ya mvua. Ningeweza kuyasema hayo kwa pumzi moja. Lakini kusema "ondoeni majivu" kulikuwa ni kusema nani aliyeyaagiza. Nikaenda nyumbani kutafuta namna ya kusema bila kujitaja. Nilitafuta siku nne.

Siku ya tano familia ilikutana kwa Mama Feza, nami nikaitwa. Mjomba wa mume alisema binti arudi kwao Kabambare mpaka ajifungue, na kwamba mwanamke anayeua mbegu ya ukoo ni wa kutazamwa vizuri. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mutu wa kusoma. Sema neno."

Zawadi aliinua uso akanitazama.

Nilisema, "Mambo ya ukoo huamuliwa na ukoo."

Aliondoka kesho yake kwa pikipiki, kwa barabara ile mbovu, na mimba yake, akiwa amefunga nguo ndani ya kitenge. Mimi nilikuwa dirishani. Aibu gani hii!

Mche wa mwisho ulipokufa, nilikwenda kwa Mama Feza nikamweleza yote: jani, kitabu, gamba, siku nne. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Mwalimu," alisema, "miche nitaililia, itapita. Lakini mutoto wa watu nilimufukuza, na wewe ulikuwa umekaa pale, ukinywa chai yangu."

Akaweka mchele kando.

"Sasa enda, uwaambie wale uliowanyamazia."

Nilimwambia mjomba. Nawaambia na ninyi, ingawa sijaweka jina, na huo nao ni woga wangu, msinisamehe upesi.

Wewe unayeitwa kutazama jani la mtu, ingia ndani, uiname. Uliza lilianza kugeuka lipi, la juu au la chini. Inua chombo uone kama maji yanatoka. Msikilize anayemwagilia, kwa maana ndiye anayeuona mche kila siku. Na ukigundua kwamba umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu watacheka. Watacheka, kisha mche utapona!

Watu bado wananiletea majani yao. Ninawarudisha.

Mama Feza alikwenda Kabambare kumwomba mkwe wake msamaha. Wazazi wa Zawadi walimpa chakula na mahali pa kulala, lakini binti yao hawakumruhusu kurudi, naye mwenyewe hakutaka. Mtoto alizaliwa huko, wa kike. Baba yake hajamwona bado.