Bip ya Mama na Seli Iliyochelewa Kuamka

Miye ni mutu wa haraka, na kazi yangu ni ya haraka. Ninatunza minara ya simu kandokando ya ziwa la mpakani na Congo, toka Nchelenge mpaka Chienge, na kitu ninacholipwa kupunguza ni kungoja. Mama yangu, yeye, hajawahi kuharakisha kitu hata siku moja. Anaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu tulipokimbia Congo, analima mihogo na karanga, na kila jumamosi anapanda gari la soko kuja kwangu Nchelenge ili azungumze na dada yake kwenye simu. Kwake hakuna umeme, na rezo, ndiyo mtandao wa simu, inashika tu ukisimama juu ya kichuguu.

Dada yake, mama mukubwa wangu, alibaki Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, sababu alikataa kuacha nyumba yake. Mama akirudi kule atapoteza karatasi yake ya ukimbizi, na magoti ya mama mukubwa hayapandi tena mtumbwi. Basi simu ndiyo njia yao. Wanapendana sana hao wawili, na wanagombana sana. Ugomvi wao mukubwa ni wa kitambaa cha kichwa, cha manjano chenye ndege, mali ya mama mukubwa, kilichopotea asubuhi ile tulipokimbia.

"Weye njo ulikibeba," mama mukubwa anaanza.

"Miye? Sikukiona hata kidogo."

Miaka yote hiyo, wimbo ni huo huo.

Mwaka jana macho ya mama mukubwa yakaanza kuisha. Muganga wa hospitali alimwambia kwamba mvua ikifika, pengine hataona tena. Jumamosi moja alisema, bila mzaha wowote, "Nataka nione sura yako muzuri, mara moja tu, mbele macho iishe." Mama akaniangalia mimi, utafikiri ni mimi niliyechimba ziwa.

"Weye uko mutu ya rezo," aliniambia. "Tengeneza."

Niseme basi ilivyokuwa. Mnara wetu unabeba seli mbili, yaani mitambo miwili ya kurusha mawimbi ya simu. Ile ndogo iko macho siku nzima, inabeba sauti. Ile kubwa inabeba picha, na tulikuwa tunailaza ili isimalize batri za jua. Simu inayoweza picha, hata ikipiga ya sauti tu, inaingia kwanza kwa ndogo. Ndogo inaiuliza inasikia nani mwingine hapo karibu. Simu inapima, inajibu. Ndipo kubwa inaamshwa. Kwenye vitabu hicho ni kitambo kidogo sana. Kwetu, jumamosi asubuhi, mitumbwi ikifika na kila mwenye samaki akiwa na simu sikioni, ungeweza kusonga bukari, ugali wetu, ikaiva kabla seli kubwa haijaamka.

Juu ya hayo, mama alikuwa na desturi yake. Hapigi simu bila kubipa. Anapiga, inalia mara moja, anakata. Kwetu hiyo njo hodi. Mutu mwenye adabu haingii kwa mwenzake bila kubisha. Akisha kubipa anaweka simu kwenye mapaja, anapanguza uso, anakohoa, anamwachia dada yake muda wa kukaa vizuri. Kisha ndipo anapiga kweli. Mimi nilikuwa ninakaa pembeni ninang'ata meno.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Mama, leo acha kubipa. Tunapoteza wakati bure. Piga ya picha moja kwa moja, na salamu uziache."

"Haraka haina baraka, mutoto yangu."

"Mama, hii ni kazi yangu."

Alinitii. Ndiyo hiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba alinitii. Alipiga bila hodi, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Uso wa mama ukaenda kule vipande vipande, kidevu leo, jicho kesho. Tulisikia sauti ya mama mukubwa, imekuwa ndogo. "Naona ukungu tu. Njo simu, ama njo macho yangu?" Kabla hatujamjibu, ikakatika, na hatukumpata tena siku hiyo, hata kwa sauti.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa atalala akijua macho yake imekwisha." Akachukua kikapu chake, akaenda kungoja gari la kurudi Mantapala. Heri angenipiga kofi.

Jumatatu nilikwenda kwenye mnara nikafungua kumbukumbu za mashine, maana kulaumu mashine ni rahisi kuliko kujilaumu. Nikatafuta namba ya mama, jumamosi baada ya jumamosi. Siku zote alizobipa, seli kubwa ilikuwa imeamka mapema. Siku moja tu ilichelewa, siku yangu. Bip yake ilikuwa imemaliza yale maswali na majibu. Alipokuwa anapanguza uso na kukohoa, seli kubwa ilikuwa inasimama. Nilicheka peke yangu pale chini ya mnara, halafu nikaona haya.

Nikamwandikia shefu wangu wa kazi, aliye Lusaka. Nilimwomba tuweke mpango simu zipime zikiwa bado zimekaa bure, ili zikiingia ziwe na jibu mkononi. Na seli kubwa, mchana, isilale kabisa, ilale jicho moja wazi.

Akanipigia. "Utafiti huu umefanywa na nani?"

"Na mama yangu, mukwai," nilimjibu kwa heshima.

Alicheka sana, lakini akaruhusu tujaribu kwenye mnara mmoja. Kazi ilichukua majuma matatu. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamesha kusimama juu ya ziwa, na kila asubuhi niliyaangalia kwa hofu. Sijawahi kuchukia mvua namna ile, mimi mutoto wa mkulima.

Jumamosi ya kujaribu, mama alifika amejifunika shali nzito kichwani, na joto lile. Nikamweka mlangoni kwenye mwanga.

"Nibipe?" aliniuliza, kwa ubaridi kidogo.

"Bipa, mama. Fanya vile unapenda."

Haikuhitajika tena, lakini nani angemwambia? Akabipa. Akapanguza uso, akakohoa. Halafu akavua shali, na chini yake kulikuwa na kitambaa cha manjano, ndege wake wamefifia. Nilimwangalia. Yeye hakuniangalia. Akapiga.

Picha ilifunguka palepale, hata mimi nilishtuka. Mama mukubwa alisogeza uso karibu, karibu, mpaka tukaona jicho moja tu limejaa kioo chote. Alikaa hivyo muda mrefu. Salamu hakutoa.

"Mwizi weye," alisema mwishoni. "Mwizi mukubwa. Na inakupendeza."

Mama alilia na kucheka pamoja. "Nilikibeba sababu ilikuwa na harufu yako," alisema. "Nilifikiri sitakuona tena."

Mvua ilifika, na muganga hakukosea. Mama mukubwa haoni tena. Lakini mama anaendelea kumpigia ya picha, na kila jumamosi anafunga kwanza kile kitambaa, anakaa mlangoni kwenye mwanga, anabipa.