Paka Kwenye Boneti

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi pikapu ya baba mkwe ilipokataa kuwaka kwa mara ya tatu. Naikumbuka saa kwa sababu niliiandika. Ufundi wa umeme nilijifunza mwenyewe, kwa redio mbovu na kitabu kisicho na jalada, na tangu mwanzo nimezoea kuandika kila kitu kabla ya kugusa nati.

Baba mkwe alikuwa fundi wa mashua wa kisiwa cha Koyama. Wakati huo alikaa nasi Kismayu, na mashua yake ilikuwa imepandishwa pwani kule kisiwani, ikingoja mbao mpya za ubavuni. Pesa za mbao alizitunza mama mkwe ndani ya kopo la maziwa. Asubuhi ile mzee alilitazama kopo, akasema, "Basi, betri kwanza. Mashua itangoja mwaka mwingine."

Magoti yake hayakuwa na miaka mingi ya kungoja. Nilimwomba siku kumi.

Duka la kuchaji lilikuwa limeshasema betri imekufa. Mimi sikuridhika, maana haikuwa na mwaka. Niliichaji, nikafungua waya wa hasi, nikaweka kitaa kidogo kati ya waya na betri. Kama kuna kitu garini kinachokunywa umeme, kitaa kingewaka. Hakikuwaka. Nikaweka kipimo chenye mshale. Mshale ulilala.

Nikaiacha betri mahali pake, waya umefunguliwa kabisa. Siku ya nne betri ilikuwa imekwisha umeme tena.

"Kumbe majini," alisema mama mkwe.

"Majini gani yanywe umeme?" mzee akauliza.

"Ya Koyama. Yamekufuata."

Mimi nilikuwa natazama paka. Wawili walilala juu ya boneti, kama kila siku. Nilidhani wanafuata joto la injini, lakini gari halikuwa limetembea siku nne. Nikawafukuza, nikafungua boneti, nikainama karibu zaidi kuliko nilivyowahi kuinama. Harufu ilikuwa ya mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua.

Uso wa betri ulikuwa mweusi, unanata. Vumbi na chumvi ya bahari vimeganda juu yake, vibichi kwa unyevu. Nikagusisha ncha moja ya kipimo kwenye hasi, na nyingine nikaiweka juu ya plastiki tu, mahali pasipotakiwa kuwa na umeme hata kidogo. Mshale ukapanda.

Nilikaa chini. Umeme ulikuwa ukitambaa juu ya ule utando, kutoka chanya hadi hasi, usiku na mchana.

Sasa ilibaki kumwambia. Mkwe hakosolewi ovyo, na huyu alinipa binti yake nikiwa sina hata bisibisi yangu.

"Baba, ni nani anayeitunza betri hii?"

"Mimi," akasema kwa fahari, kwa lahaja yake ya Koyama. "Kila Ijumaa naipaka mafuta. Chumvi ya hapa hula chuma. Miaka hamsini napaka mbao, hakuna mchu aliyeniletea ubao uliooza."

"Ubao hauna umeme, baba. Hii betri, mafuta yanaishikisha chumvi, na chumvi ikilowa inapitisha umeme."

Aliinama. Akagusa utando kwa kidole, akanusa. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Nilisema mimi! Kaipaka mafuta kama mashua, imebaki kuitweka tanga."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi dawa yake nini?"

"Ukavu tu."

Tuliosha pamoja kwa maji ya moto na magadi, yeye akisugua taratibu kama anayesugua mtoto. Tukaifuta, tukaikausha juani. Kipimo kikalala. Nikaichaji, nikaifunga, na nikaanza kuhesabu siku.

Siku ya nne, saa kumi na mbili na dakika ishirini, aliketi mwenyewe kwenye usukani. Injini ikashika kwa mzunguko mmoja. Paka hawakuwepo.

Alishuka. Aliingia ndani, akatoka na kopo, akaliweka kwenye kiti cha pembeni, akaondoka nalo kwenda kwa muuza mbao. Ndani yake zilikuwa zile pesa za mbao, hazijaguswa: dola themanini, bei kamili ya betri mpya.